Maji yakiingia chumba cha chini: pampu, shimo lake na kazi ya kiangazi

Kila msimu wa mvua simu na ujumbe unaotufikia studio hubeba habari ileile: maji yameingia ndani. Mmoja ana stoo aliyoichimba chini ya duka na magunia ya mtama yamelowa. Mwingine barabara ya mbele yake imepandishwa kifusi, sasa nyumba imebaki chini kama iko shimoni. Mwingine amejenga kwenye mteremko, ukuta wa nyuma umeshika udongo, na kila mvua ikinyesha ukuta huo unatoa jasho.

Wengi humalizia na swali moja: nikinunua pampu, nitakuwa nimemaliza?

Jibu letu fupi ni hili. Pampu inasaidia sana, lakini katika nchi yetu ya kati adui yake mkubwa ni kiangazi. Inakaa miezi saba au minane bila kuguswa, kisha tunaitaka ifanye kazi usiku mmoja, radi inapiga na umeme umekatika. Pampu ya kuaminika ni ile iliyojaribiwa kabla ya mvua, yenye njia ya pili ya kupata nguvu, na yenye mahali pa kupeleka maji.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara. Stoo yetu ya zamani ilikuwa chumba cha ngazi tano kwenda chini. Pampu ilikuwamo. Tuliinunua, tukaiweka shimoni, tukaisahau. Usiku mmoja wa Januari maji yalifika magotini. Fundi alipoitoa pampu aliuliza swali moja: "Jamani, hii mara ya mwisho mliiwasha lini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Boya lilikuwa limenasa kwenye waya wake lenyewe, na tope la mwaka uliopita lilikuwa limekauka kama saruji kwenye mlango wa kuvutia maji. Mota yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Tulipoteza makasha mawili ya kanda za mahojiano na wazee, na wengi wa wazee hao hawapo tena kuhojiwa.

Makala hii tumeiandika ili isikukute wewe.

Kwa nini nchi kavu inajaza nyumba maji

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ya mwaka mzima kwa wastani ni kati ya milimita 500 na 600. Si mvua nyingi. Tatizo ni jinsi inavyokuja. Tuna msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya maji hayo huanguka kwa vipindi vifupi vya nguvu.

Wakati huo ardhi iko uchi. Imepigwa jua, imekanyagwa na mifugo, majani yamekwisha. Maji hayapati nafasi ya kuzama, yanakimbia. Ndiyo maana korongo ambalo jana lilikuwa njia ya ng'ombe leo linabeba magogo.

Sababu ya pili iko chini ya miguu yetu. Sehemu nyingi za nyanda za kati zina udongo mwekundu juu, na chini yake tabaka gumu au mwamba. Maji yanayozama hufika kwenye tabaka hilo yakakwama, kisha yakaanza kutembea kwa ubavu kufuata mteremko. Yakikutana na chumba ulichokichimba, hupenya penye ufa. Ndiyo maana wengine huona maji yanaingia siku mbili baada ya mvua kukata. Walio kwenye udongo mweusi wa mbuga wana shida ya ziada: udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi huchanika nao.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, ujenzi umeongezeka sana. Kila bati jipya, kila ua uliomwagwa zege na kila barabara ya lami ni sehemu ambayo zamani ilikunywa maji na sasa inayatupa kwa jirani.

Hesabu ya ndoo

Kabla ya kununua chochote, jua unapigana na maji kiasi gani. Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1.

Chukua nyumba yenye paa la mita 8 kwa mita 10. Hizo ni mita za mraba 80. Ikinyesha mvua ya milimita 50 mchana mmoja, paa hilo peke yake linamwaga lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Kama huna gata, ndoo zote hizo zinaangukia kwenye msingi wako.

Sasa ongeza ua. Kama upande wa juu wa nyumba kuna uwanja mgumu wa mita za mraba 400 unaoelekea kwako, na nusu ya mvua hiyohiyo ikatiririka, hizo ni lita 10,000. Ndoo 500 nyingine.

Hakuna pampu ya bei ya kawaida inayofaa kupewa kazi ya kushindana na ndoo 700. Kazi yake ni kutoa maji machache yaliyoponyoka. Yaliyobaki yazuiwe nje.

Kwanza, yasifike

Wakulima wa Kondoa wanalijua somo hili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limemomonyoka vibaya. Moja ya kazi za mradi ilikuwa kuchimba makingamaji, yaani mifereji na matuta yanayokata mteremko ili maji yasishuke kwa kasi. Nyumba nayo inahitaji kingamaji lake.

Fanya haya manne, kwa mpangilio huu:

1. Weka gata kwenye paa na uyapeleke maji kwenye tangi. Tangi likijaa, bomba la kumwagia liwe na urefu wa kutosha kuyapeleka mbali, angalau mita 3 kutoka ukutani. Gata moja linakupa faida mbili: msingi mkavu na maji ya kufulia.

2. Chimba mfereji upande wa juu wa nyumba, mita kadhaa kutoka ukutani, uzunguke pande mbili na kushuka chini. Udongo uliouchimba weka upande wa nyumba, uwe tuta. Mfereji ukipita karibu sana na ukuta utaulowesha msingi badala ya kuulinda.

3. Tengeneza mteremko kuzunguka ukuta. Katika mita 2 za kwanza, ardhi ishuke angalau sentimita 10 kutoka ukutani kwenda nje. Tumia moramu au udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, siyo mchanga. Mchanga unapitisha maji.

4. Ziba nyufa na matundu ya mabomba yanayoingia ndani. Anayejenga sasa aweke nailoni nzito chini ya jamvi na tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi. Kuongeza baadaye ni gharama kubwa zaidi.

Jambo moja la ujirani. Mfereji wako usimwagie maji kwenye msingi wa mwenzako, kisima chake wala choo chake. Kaeni pamoja wakati wa kiangazi mkubaliane njia ya maji. Mkishindwa, mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji ndiye wa kwanza kuamua. Ugomvi ukianza mvua ikinyesha, hakuna anayesikiliza.

Shimo la pampu

Kama bado maji yanaingia baada ya hayo, chimba shimo la kuyakusanyia. Liwe kwenye kona iliyo chini kuliko zote. Ili kuijua, mwaga ndoo moja ya maji katikati ya sakafu uone yanakokimbilia.

Shimo la sentimita 60 kwa 60, na kina cha sentimita 60 hadi 75 chini ya sakafu, linatosha vyumba vingi. Kuta zake zijengwe kwa tofali na kupigwa lipu, zikiachwa na matundu madogo ya kuingizia maji upande wa udongo, au tumia pipa la plastiki lililotobolewa ubavuni. Nje ya matundu jaza kokoto. Chini weka zege kidogo au jiwe bapa ili pampu isikae kwenye tope. Juu weka mfuniko imara, kwa sababu mtoto akitumbukia humo hutamsikia.

Shimo hilo pia litakusaidia kupima. Katika shimo la sentimita 60 kwa 60, kila sentimita 1 ya maji ni lita 3.6. Siku ya mvua angalia saa ya simu yako. Kama maji yanapanda sentimita 10 kwa dakika moja, yanaingia lita 36 kwa dakika, sawa na lita 2,160 kwa saa. Tafuta pampu inayoweza mara mbili ya kiasi hicho, maana mvua uliyoipima huenda siyo kubwa kuliko zote zitakazokuja.

Kuchagua pampu

Dukani utakuta aina nyingi. Unayoihitaji ni pampu fupi ya kuzama, ya maji machafu, yenye boya. Ile ya maji safi huziba haraka kwa tope letu jekundu. Ile ndefu nyembamba ya kisima kirefu imetengenezwa kupandisha maji mbali, siyo kufyonza tope kwenye shimo la kina kifupi.

Soma kibandiko chake. Kuna maandishi mawili yanayowachanganya watu wengi. Q.max ni kiasi cha maji inachotoa pampu kama haipandishi juu hata kidogo. H.max ni urefu ambao ikifika hapo haitoi hata tone. Huwezi kuvipata vyote viwili kwa pamoja. Pampu yenye Q.max ya lita 150 kwa dakika na H.max ya mita 8, ukiipandishia maji mita 4, tegemea kama nusu ya kiasi kilichoandikwa. Pima urefu kuanzia chini ya shimo mpaka sehemu ya juu kabisa ya bomba, kisha ongeza kidogo kwa sababu ya kona na urefu wa bomba.

Usinunue kubwa kupita kiasi. Pampu kubwa katika shimo dogo humaliza maji kwa sekunde chache, inazima, inawaka, inazima tena. Mota huungua kwa kuwashwa mara nyingi.

Boya, valvu na bomba

Boya ndilo linaloiamuru pampu kuwaka maji yakipanda na kuzima yakishuka. Ndilo pia linaloharibu kazi mara nyingi kuliko mota. Hakikisha lina nafasi ya kuelea bila kugusa ukuta wa shimo, bomba au waya. Funga waya wake kwa kiwango ambacho pampu itazima ikiwa bado imezamishwa kidogo. Pampu za namna hii hupozwa na maji zinayoyasukuma. Zikizunguka kavu, huungua.

Juu ya pampu weka valvu ya kuzuia maji kurudi. Bila hiyo, kila pampu inapozima, maji yaliyobaki kwenye bomba hurudi shimoni, boya linapanda, na pampu inasukuma maji yaleyale usiku kucha.

Bomba la kutolea lisipungue unene wa mdomo wa pampu. Bomba gumu ni bora kuliko mpira, kwa sababu mpira hujikunja na kuziba. Mwisho wake uwe mbali na ukuta, upande wa chini wa mteremko, na ufunikwe kwa wavu. Kiangazi panya, nyigu na mijusi hupenda sana bomba lililo wazi.

Umeme ukikatika

Dhoruba inayoleta maji mara nyingi ndiyo inayoondoa umeme. Kwa hiyo pampu ya umeme bila nguvu ya akiba ni nusu ya pampu. Njia ni hizi:

Betri na inveta. Betri ya kawaida ya volti 12 na saa-ampia 100 ina nguvu ya wati-saa 1,200, lakini usiitumie zaidi ya nusu au itakufa mapema. Nusu hiyo, ukiondoa kinachopotea kwenye inveta, inaendesha pampu ya wati 400 kama saa moja na robo mfululizo. Ni kidogo? Pampu haifanyi kazi mfululizo. Ikiwaka dakika 10 kila saa, betri hiyo inakufikisha asubuhi. Aliye na paneli za sola nyumbani tayari ana nusu ya mtambo huu. Aulize fundi kama inveta yake inaweza kuhimili mota, kwa sababu inapoanza kuzunguka huvuta nguvu mara kadhaa kuliko kawaida.

Jenereta. Kwa sababu hiyohiyo ya kuanza, chukua jenereta yenye wati mara tatu ya pampu. Pampu ya wati 750 isipewe jenereta ya wati 1,000.

Pampu ya petroli. Hukaa juu na kuvuta maji kwa mpira. Haihitaji umeme, na wakulima wengi wa bustani wanayo. Kwa mwinuko wetu wa Dodoma usitegemee ivute maji yaliyo chini zaidi ya mita 6, lakini kwa chumba cha nyumba inatosha.

Ndoo na majirani. Usiidharau. Watu wanne waliojipanga ngaziwamewahi kuokoa stoo nyingi kuliko pampu iliyoharibika.

Mambo mawili yanayoua

Hapa tunaomba usome polepole, na umsomee asiyejua kusoma.

La kwanza ni umeme. Usiingie kwenye chumba chenye maji wakati umeme umewashwa, hata kama maji yako kwenye vifundo tu. Zima kwenye swichi kubwa kwanza, ukiwa umesimama pakavu. Kama swichi kubwa iko ndani ya chumba hichohicho, usiifuate. Wapigie TANESCO wakate umeme kutoka nje. Soketi ya pampu iwekwe juu, usawa wa kifua au zaidi, siyo karibu na sakafu. Usitumie ekstensheni iliyolala chini. Mwambie fundi umeme mwenye leseni aweke kifaa kinachokata umeme chenyewe unapovuja, na ahakikishe waya wa kwenda ardhini umefungwa kweli. Usiivute pampu kwa waya wake wa umeme. Ifunge kamba.

La pili ni moshi. Jenereta au pampu ya petroli isiwashwe kamwe ndani ya chumba cha chini, ndani ya kisima, shimoni wala mlangoni. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haionekani wala haina harufu. Mtu husikia kichwa kizito, miguu inalegea, anaanguka. Mwenzake akishuka kumwokoa, naye anaanguka. Ndivyo familia moja inavyopoteza watu wawili au watatu katika shimo moja. Mashine ikae nje, mbali na madirisha, na mpira tu ndio ushuke. Mtu akianguka shimoni, usimfuate. Zima mashine, ita watu, na piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kazi ya kiangazi

Wazee wetu waliokaa kwenye tembe walijua kwamba paa la udongo halikarabatiwi mvua ikinyesha. Walipanda juu mapema, wakaongeza udongo, wakashindilia. Pampu inataka nidhamu hiyohiyo. Kalenda yetu ni hii:

Mei. Mvua zimekwisha. Toa pampu shimoni, ioshe kwa maji safi, fungua chujio lake la chini na ondoa tope na nywele. Ikaushe kivulini. Safisha shimo. Hifadhi pampu pakavu, waya wake ukiwa umekunjwa bila kubanwa. Maeneo yenye maji ya chumvi, usiruke hatua ya kuosha, kwa sababu chumvi hula chuma taratibu.

Juni hadi Septemba. Mara moja kwa mwezi iweke pampu kwenye beseni kubwa au pipa la maji, iwashe kwa dakika moja. Hiyo inatosha kuzuia isikwame. Huu pia ndio wakati wa kuchimba mifereji, kuziba nyufa na kurekebisha gata.

Oktoba. Rudisha pampu shimoni. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za msimu kabla hazijaanza, nasi huusoma hewani. Usingoje utabiri mbaya ndipo uanze. Fanya jaribio la ndoo: mwaga ndoo sita shimoni. Katika shimo tulilolieleza, hizo zinapandisha maji kama sentimita 33. Tazama mambo manne. Je, boya limepanda lenyewe? Je, pampu imewaka bila kuguswa? Je, maji yametoka mwisho wa bomba, nje kabisa? Je, pampu imezima maji yaliposhuka?

Novemba. Rudia jaribio, lakini mara hii zima umeme wa gridi na utumie betri au jenereta. Nguvu ya akiba isiyojaribiwa si akiba.

Desemba hadi Aprili. Jaribu kila wiki mbili, na kila baada ya mvua kubwa toa tope shimoni. Andika tarehe kwa chaki ukutani. Sisi sasa tunaandika mlangoni mwa stoo, na anayepita akiona tarehe ni ya zamani anauliza.

Maji yakiwa yameshaingia

Tuseme umechelewa na chumba kimejaa. Usikimbilie kukikausha kwa saa moja. Udongo wa nje umelowa na unasukuma ukuta, na maji ya ndani ndiyo yanayousukuma kutoka upande wa pili. Ukiyatoa yote ghafla ukuta unaweza kuangukia ndani, hasa wa tofali za udongo. Ngoja mvua ikate na maji ya nje yashuke. Toa kama theluthi moja, weka alama ukutani, subiri hadi kesho yake. Kama maji yamepanda tena kupita alama, bado udongo umejaa. Subiri.

Yachukulie maji hayo kuwa machafu, kwa sababu mafuriko hupita vyooni. Vaa viatu vya mpira, nawa kwa sabuni. Kama kisima chako kimeingiwa, chemsha maji ya kunywa au yatie dawa ya klorini hadi kisima kisafishwe. Kipindupindu hufuata mafuriko kwa njia hiyo. Nafaka iliyoloweshwa na maji hayo usile wala usiipikie pombe. Ile iliyopata unyevu tu ianikwe siku hiyohiyo, na ikiota ukungu itupwe. Msimu ujao magunia yakae juu ya vichanja, angalau usawa wa goti, mbali na ukuta.

Kisha fungua milango na madirisha wiki kadhaa. Unga mweupe utakaouona ukutani ni chumvi iliyovutwa na unyevu. Usipake rangi juu yake. Ukipaka rangi mapema utakuwa umefungia maji ndani, na lipu itabanduka.

Pampu ina mwisho wake

Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yalipita Mpwapwa na Kilosa na kubomoa reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Kwa maji ya namna hiyo hakuna pampu. Kama nyumba yako iko kwenye mkondo wa korongo au chini ya mteremko unaoporomoka, kazi yako ya kiangazi ni kutafuta kiwanja kingine, na kazi yako ya usiku wa mvua ni kuondoka na watoto mapema. Stoo iache.

Kwa sisi wengine, ambao maji yetu huja ndoo baada ya ndoo kutoka paani na uani, shida hii inazuilika. Gata, mfereji, mteremko, shimo, pampu, na ndoo sita za kujaribia mwezi Oktoba. Kama unasoma makala hii kiangazi, una muda wa kutosha. Kama unaisoma mvua ikiwa inanyesha, anza na swichi kubwa ya umeme, halafu chukua jembe ukafungue mfereji.